Kilo Hamsini na Nane

Ijumaa moja ya Novemba, mwaka 2009, saa tisa na nusu alasiri, nilikuwa napeleka mizani Jordbro, huku Uswidi.

Si mizani ya sokoni. Ni sahani nne bapa za chuma, na ya tano ya akiba. Unaweka moja chini ya kila gurudumu, na kisanduku chenye waya kinakuonyesha gari lina uzito gani kila pembe. Niliiazima kazini, kwenye karakana ya mabasi. Nilipotoka nyumbani Hagsätra kulikuwa bado na mwanga. Nilipoingia eneo la viwanda, giza lilikuwa limeshafunga. Ndiyo Novemba ya huku. Jua haliagi.

Gereji ilikuwa ya rafiki yangu Damas. Yeye Mkongomani wa Uvira, mimi Onesphore, Mrundi wa Bujumbura. Ziwa moja, salamu moja. Tulijuana kanisani, lakini kilichotufanya ndugu ni gari la Kimarekani, Chevelle ya mwaka 1970, tulilolinunua likiwa limeliwa na kutu hadi sakafuni. Tulichomelea miaka mitatu. Tukafunga injini kubwa ya silinda nane. Tukang'oa kila kisichohitajika: zulia, redio, viti vya nyuma, hata vioo vya milango tukaweka plastiki. Yote kwa ajili ya mbio za mita mia nne. Magari mawili, taa ya kijani, barabara iliyonyooka, basi. Damas alikuwa dereva, mimi fundi.

Msimu wa kwanza kila mtu alitupita. Msimu wa pili, kuanzia Mei, hakuna aliyetugusa. Nilifurahi, lakini nilishangaa. Fundi ni mimi, na sikuwa nimebadilisha hata plagi.

Na kuanzia Mei hiyohiyo, Damas akaanza kukonda. Jitu la kilo mia moja na kumi na tisa! Shati likawa linaning'inia kama limeanikwa. Madaktari walipima sukari, damu, kifua. Hawakuona kitu.

Ijumaa hiyo alinipigia. "Basi limechelewa. Fungua, anza kupima."

Nilifungua. Nikawasha taa. Gereji ilikuwa baridi, inanuka petroli na chuma, kama siku zote. Niliinua gari kwa jeki, nikapanga sahani, nikalishusha taratibu. Tangi lilikuwa tupu. Kwa hesabu yetu gari lilipaswa kuwa na kilo elfu moja mia nne na kumi na mbili.

Kisanduku kikasema: 1470.

Kilo hamsini na nane zaidi. Upande wa kushoto ulikuwa sawasawa. Ziada yote ilikuwa kulia, upande wa abiria, kwenye kile kiti ambacho Damas alikuwa amekataa katakata tukiondoe.

Nilidhani sahani ni mbovu. Nilizitoa, nikasimama juu ya kila moja. Zote zilinipa uzito wangu, gramu kwa gramu. Nikazirudisha.

1470.

Kisha tarakimu zikacheza... Gurudumu la mbele likaongezeka kilo tatu. La nyuma likapungua tatu. Zikarudi. Zikacheza tena.

Ndivyo zinavyofanya mtu akiinama kukutazama.

Nilitaka kutoka. Nikajikuta nachungulia kupitia ile plastiki ya mlango wa kulia. Kiti kilikuwa kitupu. Lakini mkanda ulikuwa umefungwa, na haukulegea kitini. Ulikuwa umekaza hewani, umezunguka kitu chenye kifua.

Na plastiki, kwa ndani, ilikuwa inapata ukungu.

Ukungu... ukafifia. Ukungu... ukafifia.

"Umeshapima?"

Nilipiga kelele. Alikuwa Damas, amesimama mlangoni, theluji mabegani.

"Damas," nilinong'ona, "ndani kuna nini?"

Alikitazama kisanduku. "Ngapi?"

"Hamsini na nane."

Aliketi juu ya tairi. "Septemba alikuwa na arobaini," akasema.

"Nani?"

"Jonathan."

Jonathan alikuwa mdogo wake. Alikuwa dereva wa pikipiki kule Uvira; mwaka 2004, wakati wa vita, alibeba abiria wa kwenda Fizi na hakuonekana tena. Hakuzikwa. Damas alieleza akitazama sakafu. Baada ya msimu ule wa aibu alimpigia simu mtu mmoja wa kwao. Mtu yule akamwambia: tafuta nguo ya marehemu aliyependa mwendo, asiye na kaburi. Ishonee ndani ya kiti. Atakusukuma. Damas alikuwa na shati la Jonathan, alilokuja nalo ukimbizini.

"Nilifikiri ni mdogo wangu," akasema. "Mdogo wangu atanidhuru?"

"Na huyo mtu, umemwuliza kuhusu uzito?"

"Alicheka. Akasema, siku mtakapolingana, mtapishana."

Nilimshika mkono, nikamsimamisha juu ya sahani ya akiba. Alisita, kisha akapanda.

Sitini na moja.

Sikuhitaji kalamu. Alichopoteza yeye, kiti kilikuwa kimekipata. Zilikuwa zimebaki kilo chache mno walingane.

"Tunakitoa," nikasema. "Sasa hivi."

Kiti kilishikwa na boliti nne zilizopita sakafuni. Mtu mmoja lazima azuie boliti kwa juu, mwingine afungue nati kwa chini. Nilitambaa chini ya gari na spana. Damas alifungua mlango wa kulia, akaingiza kichwa na mikono. Nilimsikia akiomba, "Kwa jina la Yesu, kwa jina la Yesu..."

Nati ya kwanza ilitoka. Ya pili ikatoka.

Kisha nikasikia pumzi. Pale juu yangu, nyuma ya bati jembamba. Pumzi za watu wawili.

Sala ya Damas ikakatika.

"Yaya..."

Ndivyo wanavyomwita kaka mkubwa kwao. Sauti ilikuwa nyembamba, kama ya mtu mwenye vumbi kooni. "Yaya, usiniache njiani..."

"Damas! Usijibu!"

Bati lilibonyea. Nilijivuta nje, nikagonga kichwa, nikasimama. Damas alikuwa amekaa kitini. Mkanda umemfunga kifua. Macho wazi, machozi yanatiririka, anatabasamu.

Nilichomoa kisu, nikakata mkanda, nikamshika makwapa. Nilitegemea kumwinua kirahisi, mtu wa kilo sitini na moja. Lakini alikuwa mzito! Mzito kama gunia la mchanga uliolowa. Nilivuta hadi tukaanguka wote wawili sakafuni, nikiita majina yote ya Mungu ninayoyajua.

Kimya.

Nilitazama kisanduku. 1412.

"Ameondoka," nikasema. Nililia kwa furaha. Damas alikuwa amelala pembeni yangu, anapumua kwa nguvu.

Tulimalizia kung'oa kiti. Nilichana kitambaa mwenyewe, nikatoa shati dogo la bluu lenye harufu ya mvua. Tulilizika msituni nyuma ya gereji, ardhi ikiwa ngumu kama mfupa, nikasoma Zaburi. Damas alisimama tu. Nilimwonea huruma. Kumzika mdogo wako mara ya kwanza baada ya miaka mitano si kazi ndogo.

Gari tuliliuza mwezi wa pili kwa mzee mmoja wa Kiswidi. Halina tatizo, ameniambia. Damas alinenepa upesi, na kufikia Pasaka alikuwa jitu lilelile. Kanisani watu walipiga makofi, wakatoa ushuhuda.

Juzi mkewe, Asifiwe, alinipigia. Aliongea kwa kunong'ona, nyuma yake maji ya bomba yanamwagika, kama aliyejifungia bafuni.

"Shemeji, Damas amewahi kutumia mkono wa kushoto?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Anakulia kushoto. Anaandikia kushoto. Watoto wanamkimbia, wanasema *det är inte pappa*, huyu si baba." Akashusha sauti zaidi. "Jonathan ndiye aliyekuwa wa kushoto."

Nilikwenda jioni hiyohiyo. Ningefanyaje? Ni rafiki yangu... au alikuwa. Alifungua mlango mwenyewe, mnene, mwenye afya, akinuka sabuni. Nyuma yake Asifiwe alikuwa amewashika watoto mabegani.

"Karibu, kaka," akaniambia, akinyoosha mkono wa kushoto. "Mbona umesimama baridini?"

Nikaushika. Ulikuwa na joto, kama wa mtu yeyote.

Nikaingia.