Vinasa Sauti Vinne Kwenye Teksi ya Baba

Kila asubuhi Baba alinipeleka shule kwa teksi. Nilikaa mbele, nikila mkate wa maharage na kusikiliza matusi. Gari lilinguruma, upepo wa bahari ulivuma madirishani, na abiria wa nyuma akisema neno, Baba hasikii.

"Nimesema simama! Wewe kiziwi au jeuri?" mama mmoja alifoka siku hiyo.

"Kiziwi mwenyewe!" Baba akamjibu.

Mama yule akamshtaki kwa mwenye gari, Bi Inshirah, mjane mwenye ulimi mkali kuliko wembe. "Lalamiko moja tena, Ragab," Bi Inshirah alimwambia Baba, "uniletee funguo zangu." Na sisi riziki yetu ni teksi hiyo tu.

Binamu yangu Luay, anayesomea uhandisi, akanisaidia kupanga vinasa sauti, yaani maikrofoni, vinne kwa mstari kwenye dari ya gari. "Sauti ya mtu hufikia kila kimoja kwa wakati wake," alinieleza. "Kisanduku hiki hutafuta mtu anasemea wapi, kisha huzioanisha sauti zake za vinasa vyote vinne zipate nguvu. Kelele za huku na huku haziwiani, kwa hiyo hufifia." Sauti iliyosafishwa ingetokea kwenye spika ndogo karibu na sikio la Baba.

"Jaribu barabarani siku tatu, Shahenda," akaniagiza, "ndipo umpelekee Bi Inshirah rekodi, ajue abiria sasa wanasikika."

Siku tatu! Sikuwa na subira hiyo. Nilikaa kiti cha nyuma gari likiwa limezimwa uani, nikarekodi sauti yangu, nikampelekea. Nikamwambia tulikuwa barabarani.

"Haya, twende nione," akasema, akaingia nyuma.

Tulipofika barabara ya pwani akasema mara tatu, "Pinda kulia." Baba akapitiliza. Kwenye spika ilisikika sauti ya msomaji wa Kurani peke yake.

"Mnanichezea!" Bi Inshirah akawaka. "Na ile rekodi? Mkweche huu umewahi kuwa kimya namna ile lini? Ulirekodi wapi wewe?"

"Uani," nikasema. "Injini imezimwa."

Baba alinitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Hapo ndipo nilipong'amua. Injini ikizimwa, redio nayo huzimika. Baba huiacha kwenye stesheni ya Kurani tangu alfajiri, kama madereva wengi wa kwetu, na hakuna anayeihesabu kuwa kelele. Kisanduku kilitafuta sauti ya mtu, kikaipata ya msomaji.

"Baba, ni redio."

"Redio ina kosa gani?" akanikaripia. Nilipomweleza, alingoja msomaji amalize aya, kisha akaizima.

"Ragab," Bi Inshirah akasema kwa sauti ya kawaida, "simama pale kwenye duka la samaki."

Baba akasimama palepale. Sikuwa nimewahi kuwasikia wawili hao wakisemezana bila kupayuka.

"Funguo baki nazo," Bi Inshirah akamwambia, kisha akanigeukia. "Na wewe mwongo, sikiliza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ungejaribu kwa haki, kosa ungeliona mapema, tena peke yako. Umelificha, nusura baba yako akose kazi."

Nilimchukia kwa kuniambia hivyo mbele ya Baba. Lakini alisema kweli. Kesho yake nilihamia kiti cha nyuma, nikaanza kuzihesabu zile siku tatu za kujaribu barabarani.