Tonge Lisiloshuka

Kila asubuhi, nyumbani kwao kisiwani Savai'i, Moelagi alikunja mkeka wake, akamwagilia maji miche ya bibi yake, kisha akaenda kumtazama binamu yake Pisila akifagia uwanja. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kushika ufagio. Tangu arudi kutoka Auckland alikuwa amevaa kola ngumu shingoni, na alipotaka kuangalia pembeni ilimbidi ageuze mabega na kiuno pamoja.

"Unageuka kama feri inayotafuta gati," Pisila alimtania.

"Na wewe unafagia kama unayabembeleza majani yalale," Moelagi akamjibu, na wote wawili wakacheka.

Moelagi alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alizaliwa na kiungo kilicholegea pale fuvu la kichwa linapokutana na shingo. Mwaka huo mikono yake ilianza kufa ganzi, kalamu zikawa zinamdondoka darasani, na siku moja miguu ilimwishia nguvu akitoka shuleni. Madaktari wa mji mkuu, Apia, walipoona kwamba mishipa mikubwa ya fahamu shingoni inabanwa, walimpeleka Auckland, New Zealand. Huko Daktari Paki, mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu, aliunganisha fuvu lake na mifupa ya juu ya shingo kwa vyuma na skrubu. Akapachika na kipande cha mfupa kutoka nyongani, ili vyote vishikane viwe kitu kimoja. Siku chache baadaye vidole viliamka. Moelagi aliandika jina lake lote bila kudondosha kalamu, na Bibi Faapito, aliyemsindikiza, akalia mbele ya wauguzi bila kuona haya.

Kabla hawajaondoka, Daktari Paki alikaa kitandani kwa Moelagi. "Mfupa utachukua miezi kushikana," alisema. "Katika miezi hiyo matatizo yanaweza kuja. Kidonda kinaweza kuvuja, skrubu ikalegea, ukapata homa au shida ya kumeza. Ukiona jambo geni, hata dogo, sema. Usingoje likue."

"Sawa, daktari," Moelagi aliitikia.

Lakini jambo geni lilikuwa limeshaanza. Chakula kilikuwa hakishuki. Wali ulimkwama kooni, maji yalimtokea puani, na kila baada ya mlo alikohoa. Mwanzoni alidhani yangepita. Walifika nyumbani, wiki ya kwanza ikaisha, ya pili ikaingia, na hayakupita.

Angeanzaje kusema? Kijiji kizima kilikuwa kimemwombea kila jioni. Shangazi Vaosa wa Auckland aliwaachia kitanda chake, akalala sakafuni zaidi ya mwezi. Bibi aliliacha shamba lake la magimbi likajaa magugu. Sasa kila mgeni aliyeingia alimtazama akasema, "Mungu ni mwema, mtoto amepona." Moelagi aliona kwamba kulalamika ni kama kuwatupia watu zawadi yao usoni.

Basi akanyamaza. Chakula alikifunga ndani ya jani, akakipeleka kwa nguruwe nyuma ya nyumba. Daktari Paki alipopiga simu kumjulia hali, alimuuliza, "Na kula, unakula vizuri?"

"Ndiyo, daktari. Nakula sana."

Bibi, aliyekuwa amesimama kando, alitabasamu kwa furaha. Moelagi akatazama chini. Gauni lake lilikuwa linampwaya.

Ikafika Jumapili ya Watoto, mwezi wa Oktoba. Siku hiyo watoto huvaa nguo nyeupe na kusoma maandiko kanisani, na wakirudi nyumbani hula wao kwanza, watu wazima wakiwahudumia. Bibi alimwekea Moelagi sahani iliyojaa magimbi, kuku, na majani yaliyopikwa kwa tui zito.

"Kula, mjukuu wangu," alisema, akampepea kwa kipepeo cha ukindu. "Leo mimi ndiye mtumishi wako."

Hapakuwa na pa kujificha. Moelagi alitia kipande cha gimbi mdomoni, akatafuna sana, akameza. Tonge likakwama. Alichukua maji, nayo yakaenda njia isiyo yake. Alijaribu kukohoa, sauti haikutoka. Mjomba Talipope, baba yake Pisila, aliruka, akauinamisha mwili wa Moelagi wote mbele na kumpiga mgongoni kwa kiganja, mara moja, mara mbili, mara tatu. Tonge likatoka. Moelagi akabaki anahema, machozi yakimtiririka.

Mjomba aliliokota tonge lile, akalibonyeza. "Hili gimbi ni gumu. Pisila, si wewe uliyeangalia tanuri la mawe lililofunikwa majani? Nilikwambia usilifunue mapema."

"Sikulifunua mapema, Baba."

"Uvivu wako ungemuua mwenzako. Toka hapo."

Pisila alisimama na gauni lake jeupe, akaiacha sahani yake. Siku hiyo alikuwa ameingoja kwa hamu. Moelagi alimtazama akiondoka, akahisi jambo zito kifuani kuliko tonge lile.

"Mjomba, mwache," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Magimbi yameiva. Ni mimi. Siwezi kumeza vizuri tangu tulipokuwa hospitali. Chakula nawapa nguruwe. Na daktari nilimdanganya."

Bibi aliweka kipepeo chini.

"Tangu hospitali?"

"Ndiyo, Bibi. Nisamehe. Niliogopa mtaniona sina shukrani."

Bibi hakumgombeza. Alimwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiondoa haraka. "Talipope, washa gari," alisema. "Mtoto anaungua."

Muuguzi wa kituo cha afya alimsikiliza kifua, akasema chakula na maji vimekuwa vikiingia mapafuni na nimonia imeanza. Moelagi alilazwa Apia akitiwa dawa kwa mshipa. Homa ilipotulia, yeye na Bibi wakapanda ndege tena kwenda Auckland.

Daktari Paki aliitazama picha ya shingo. "Vyuma vimeshika," alisema, "ila vimekishika kichwa kimeinama kupita kiasi. Kidevu kimeingia ndani, koo likabanwa. Tatizo hili hutokea katika upasuaji wa namna hii, na aliyekiweka kichwa hivyo ni mimi. Pole sana, Moelagi."

Moelagi alikuwa amejiandaa kugombezwa. "Kwa hiyo si kosa langu?"

"Kushindwa kumeza si kosa lako. Kuniambia unakula sana, hilo ni lako." Daktari alimshika mkono. "Lakini umesema wakati mfupa haujashikana. Ungekaa kimya miezi mingine, ningelazimika kukata mfupa uliokwisha kuwa mgumu, na hatari ingekuwa kubwa zaidi."

Upasuaji wa pili ulichukua saa nyingi. Kwa siku kadhaa Moelagi alilishwa kwa mrija uliopita puani. Kisha mtaalamu wa kumeza alikuja na bakuli la uji laini, akampa kijiko kimoja. Moelagi alimeza, akangoja kikohozi. Hakikuja.

"Umeshuka," alisema kwa sauti ndogo.

Bibi alijifunika uso kwa kitambaa chake, mabega yakimtikisika.

Waliporudi Savai'i, Mjomba Talipope alikuwa ameshamwomba radhi binti yake mbele ya jamaa wote. Pisila mwenyewe hakuwa na kinyongo. Alikuja mbio kumpokea, akambebea mzigo. Mchana walikaa wote mkekani, na Bibi akamwekea Moelagi bakuli la supu ya samaki.

"Nisikilizeni nyote wawili," Bibi alisema. "Tulipokuombea, Moelagi, tuliomba upone. Hatukuomba unyamaze. Ukificha maumivu ili kutufurahisha, unatunyima nafasi ya kukusaidia, na mwishowe anaumia hata asiyehusika, kama Pisila. Ukitaka kutushukuru, tuambie ukweli, hata kama si mtamu."

"Nimeelewa, Bibi. Asante. Asanteni nyote." Moelagi alionja supu, ikashuka bila taabu. "Basi Bibi, naomba niseme ukweli mmoja."

"Sema, mjukuu wangu."

"Supu imezidi chumvi."

Pisila aliziba mdomo kuzuia kicheko. Bibi aliuvuta upawa, akaonja, akakunja uso.

"Kweli imezidi," alisema, akanyanyuka kwenda kuongeza maji.