Nukta Katikati ya Kioo

"Kizibo kibaki kwenye chupa. Narudia. Kizibo kibaki kwenye chupa."

Justa Mayala alizima redio yake ya Motorola. Amri ya Mkuu wa Idara ya usalama ilieleweka: disketi isimfikie Krause.

Basi Okech afe?

Alikata mbio katika vichochoro vya Mabatini, disketi ndani ya soksi, bastola ya Makarov kiunoni. Okech, mwenzake wa kazi tangu mafunzo, alikuwa amefungwa kamba katika nyumba moja Pasiansi, karibu na ziwa. Disketi ndiyo ilikuwa bei ya roho yake. Justa alikuwa na mpango mmoja tu.

Biashara huria ilileta Mwanza wageni wa kila namna. Krause, mmoja wao, alisema ananunua minofu ya sangara. Uongo mtupu! Chini ya barafu alijaza dhahabu ya magendo, na siku hiyo alitaka kuivusha mpaka. Tayari alikuwa ameiba mtambo wa kunasa mawimbi ya boti za doria ili azikwepe, pamoja na programu ya Idara ya kuchora madirisha na nukta kwenye kioo cha kompyuta. Alichokosa ni faili za vichwa. Justa, mtaalamu wa Idara, alizifungasha zenyewe ndani ya disketi hiyo, mbali na programu. Faili hizo ndogo huieleza lugha nyingine ya kompyuta namna ya kuiagiza programu: ukitaka nukta, taja kwanza umbali kutoka kushoto, kisha kutoka juu. Bila hizo, mtaalamu wa Krause alikuwa anapapasa tu.

Mlangoni watu wa Krause walimpokonya bastola.

Okech alikuwa sakafuni, jicho limevimba.

"Dada, ungebaki nyumbani."

"Nyamaza, kaka."

Yakobo, yule mtaalamu wa Krause, alisukuma disketi ndani ya kompyuta ya Toshiba. Krause akaweka bunduki kisogoni mwa Okech.

"Ikikataa, huyu hatoki."

Asubuhi hiyo, katika faili moja tu, Justa alikuwa amegeuza mpangilio: kwanza juu, kisha kushoto. Lugha ya kompyuta aliyotumia Yakobo ingeamini, maana haina namna ya kuuliza. Boti iliyoko kaskazini ingechorwa magharibi. Lakini Yakobo akijaribu nukta moja tu pembeni, angegundua.

Mungu wangu, asiweke pembeni!

Dirisha la mraba likafunguka. Yakobo akachora nukta nyekundu, boti ya Krause yenyewe, katikati kabisa.

Kutoka kushoto, nusu. Kutoka juu, nusu. Hata ukigeuza, ni palepale.

"Imekubali, bosi!"

Krause alicheka. "Mwanamke abaki. Huyu tunakwenda naye."

"Tulikubaliana!" Justa alipiga kelele.

Walimburuta Okech hadi kwenye boti. Yamaha mbili zikanguruma.

Justa alichomoka nje, akaitoa Motorola chini ya jiwe alikoificha kabla ya kuingia.

"Mkuu, ameondoka. Doria ibaki kaskazini, nyuma ya mawe."

"Si ana mtambo wetu? Hatawaona?"

"Anawaona magharibi."

"Ulimpa disketi?"

"Nilimpa. Okech yumo botini. Wasifyatue risasi, nakuomba!"

Alisimama ufukweni akilia, wala hakujali nani anamwona. Boti ilikwenda kaskazini bila kusita, kule ambako kioo kilionyesha maji matupu. Ikapotea nyuma ya mawe.

Risasi zikalia.

Alitaka kujitupa majini aogelee, ingawa alijua ni upuuzi.

"Tumewadaka wote," redio ilisema. "Dhahabu ipo."

"Na Okech?"

Redio ikakwaruza.

"Okech!"

"Nipo, dada. Bega limechanika kidogo tu."

Mkuu aliingilia kati. "Umekaidi amri, Mayala. Ofisini, sasa hivi!"

"Nitakuja, Mkuu. Nikishampeleka Okech hospitali."

Alizima redio, akafuta machozi kwa kiganja, akavaa miwani ya jua. Akatembea taratibu kuelekea gatini.