Daftari la Oili

Kwetu siku za hospitali huanza kabla jua halijachomoza. Siku hizo ni tatu kila wiki. Bibi hupelekwa kusafishwa damu kwa mashine kwa sababu figo zake zimegoma, na akikosa siku moja tu, miguu inavimba na pumzi inakuwa ya taabu. Mama humwogesha na kumvalisha soksi mbilimbili. Mimi huchemsha chai, kisha hutoka nje kwenye baridi kupima oili ya gari.

Wakati ule nilikuwa darasa la sita, na nasema kweli, nilikuwa nimechoka. Mama alichoka kuliko mimi, maana kuna siku nilimkuta amesinzia akiwa amesimama, kijiko mkononi. Bibi alichoka kutushinda sote, lakini yeye ndiye pekee aliyebakiwa na nguvu za utani. "Mke mwenzangu," alizoea kuniuliza, "gari la mume wetu limeamka?" Gari lilikuwa la marehemu babu, kuukuu, umri wake mara mbili ya wangu.

Baridi ilipoingia, gari likaanza kelele. Mama akiwasha asubuhi, injini inalia krakrakra, kama vijiko vinavyotikiswa ndani ya kopo, kwa sekunde tatu hivi, halafu kimya. Husikii tena mlio huo mpaka kesho yake. Mama alilipeleka gereji mara mbili bila mafanikio. Fundi wetu ni mzee ambaye mtaa mzima humwita Sikio, kwa sababu huigusisha bisibisi kwenye injini, akaweka sikio kwenye mpini na kusikiliza.

"Dada, likifika kwangu limeshapata moto," alimwambia mama. "Linanyamaza kama mtoto aliyeona sindano. Chukueni daftari hili. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, pimeni oili muandike imefika wapi. Nitakuja mwenyewe nyumbani siku moja, nilikute bado baridi."

Kazi hiyo nikapewa mimi. Wala si ngumu. Unafungua boneti, unachomoa kijiti cha oili, unakifuta kwa kitambaa, unakirudisha, unakichomoa tena, unatazama oili imegusa wapi kati ya alama ya juu na ya chini. Siku za mwanzo nilifanya vizuri. Siku ya tisa vidole viliniuma kwa baridi na boneti ikagoma kufunguka. Nikajiambia, jana oili ilikuwepo, leo itakwenda wapi? Nikaandika "imejaa" nikiwa jikoni, karibu na sufuria ya chai.

Kesho yake nikaandika tena, na mara hii wala sikusita. Baadaye nikawa naandika ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja, huku nikibadilisha kalamu ili mwandiko usifanane. Ujanja wote ule! Ningeutumia kufungua boneti, kazi ingekuwa imekwisha zamani.

Kelele zikazidi, kutoka sekunde tatu hadi tano, kisha hadi kumi. "Oili vipi?" mama aliniuliza kila mara, naye anamfunga bibi mkanda. "Imejaa, mama," nilijibu. "Ahsante, mwanangu. Angalau hilo moja silibebi mimi." Maneno hayo yalinichoma, lakini hayakunitoa jikoni.

Baada ya wiki tano, fundi akaja. Ilikuwa siku ya hospitali, na bibi alikuwa ameshaketi kiti cha nyuma na blanketi lake magotini. Fundi hakukubali liwashwe kwanza. Alifungua boneti, akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Akakitazama mbele, akakigeuza nyuma. Kilikuwa kikavu.

"Hebu niletee daftari," alisema.

Nililileta. Fundi akapitisha kidole chenye grisi juu ya kurasa za mwisho, mstari hadi mstari. Imejaa, imejaa, imejaa. Jana pia, imejaa. Akalala chini na kurunzi akatafuta tone lolote ardhini. Hakuna. Akainuka taratibu akishika kiuno.

"Dada, habari si nzuri," alimwambia mama. "Jana oili ilijaa, leo haipo, na chini hakuna hata tone. Basi imevujia ndani ya injini, mahali isipopaswa kuwa, tena yote kwa siku moja. Hili lisiwashwe kabisa. Nitalivuta hadi gereji nifungue injini. Siku nane, pengine kumi."

Mama aliketi kwenye ngazi ya mlango. Hakulia, alikaa tu, mikono imelala mapajani. "Leo nitamwomba jirani," alisema. "Keshokutwa je? Na siku zote hizo nyingine?"

"Mimi naweza kuruka siku moja," bibi alisema kutoka garini.

"Huwezi, mama. Unajua huwezi."

Fundi alikuwa ameshatoa kamba ya kuvutia gari. Nilimtazama akiinama kuifunga. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nikinyamaza, bibi ndiye atakayelipa.

"Fundi, usifunge," nilisema. "Sikupima."

"Hukupima leo?"

"Sikupima wiki nyingi. Niliandika tu."

Fundi akaiachia kamba. Mama hakuinua kichwa. Nilidhani nitasikia kelele, lakini fundi aliniuliza kwa sauti ileile aliyotumia kuomba daftari, "Mara ya mwisho kupima kweli ilikuwa lini?"

"Siku ya nane tangu utupe daftari."

"Oili ilikuwa wapi?"

"Katikati ya zile alama mbili."

Alihesabu kimoyomoyo. "Karibu wiki nne, tangu katikati. Aisee! Kumbe ilikuwa inapungua kidogo kidogo, kama ilivyo kwa gari lolote la umri huu. Hili halina ugonjwa wa kufungua injini, lina njaa."

Alileta galoni kutoka kwenye gari lake akamimina oili polepole, akasubiri ishuke, akapima, akaongeza. Kisha akamwambia mama awashe. Injini ikalia krakra kwa kitambo kifupi, ikatulia. Fundi akaweka bisibisi, akatega sikio, akasikiliza kwa muda mrefu sana.

"Cheni ya ndani inalishwa na oili. Ilipokosa oili asubuhi, ilikuwa inacheza na kugonga," alisema. "Imechoka kidogo, lakini bado inashika. Mna bahati. Wiki moja zaidi ingekatika. Nendeni leo, Jumamosi mlilete nibadilishe filta na nilikague tena."

Kisha akanigeukia mimi. "Mjukuu, ungeacha mstari mtupu, ningejua hujapima. Ungeandika 'leo nimechoka', ningejua pia, na nisingekukasirikia. Lakini umeniandikia uongo, nami nikauamini, nikakaribia kulipasua gari zima. Kuchoka si kosa. Ukishindwa kazi, sema umeshindwa, mwingine aishike."

Nilimwomba mama msamaha. "Nimesikia," alisema. "Sina nguvu hata ya kukugombeza. Ingia garini tutachelewa." Afadhali angenigombeza.

Niliketi nyuma na bibi. Tulipofika lango la hospitali, saa ya mashine ilikuwa bado haijapita, na mhudumu akaleta kiti cha magurudumu. Bibi alinishika mkono kabla ya kushuka. Safari hii hakuniita mke mwenzake.

"Mjukuu wangu," alisema, "gari hili lingekufa barabarani nami nimo ndani, sina pumzi, mama yako anapiga kelele za kuomba msaada. Na pale nyumbani daftari lako lingekuwa linasema kila kitu kiko sawa. Hilo ndilo nataka ulikumbuke."

Kisha akaninyooshea mkono wa pili, nami nikamsaidia kushuka.