Kilainishi cha Mhandisi Chilongola

"Nguzo ya saba ina ufa unaokua," alisema Mhandisi Nyemo Chilongola, na wajumbe kumi na mmoja wa kamati wakasikia: "Nguzo ya saba inaendelea vizuri chini ya uangalizi."

Hiyo ndiyo kazi ya kilainishi. Kilikuwa kidude kidogo kama punje ya dengu, kilichobandikwa kooni, kikidaka maneno kabla hayajatoka na kuyatoa yakiwa yamenyooshwa. Wabunifu wake, watu wenye shahada nyingi na busara haba, walikuwa wameweka kigugumizi, kusita na ubishi katika fungu moja la kasoro, wakaviondoa vyote pamoja. Ili mvaaji asichanganyikiwe, kidude kilimrudishia sikioni maneno yake halisi. Kwa hiyo kila mtu mjini alijisikia akisema kweli, na hakuna aliyeisikia kwa mwenzake. Waliita hali hiyo adabu.

Nyemo alikivaa miaka tisa nyuma, baada ya usaili ambao alikwama kwenye jina lake mwenyewe mpaka msaili mmoja akamshauri anywe maji kwanza. Tangu siku hiyo aliamini kwamba hesabu zake zilikuwa na thamani na sauti yake ilikuwa aibu. Alipima saruji kila wiki. Imani hiyo hakuipima hata mara moja.

Sasa, akitafuta kipimo cha wiki iliyopita, alifungua kumbukumbu za vikao. Hakuna mjumbe aliyewahi kuzisoma. Desturi ilikuwa wote kusema "naafiki" mwanzoni mwa kikao, kisha chai iletwe. Alikuta vikao vitatu vikisema jambo lile lile: Mhandisi Chilongola ameridhishwa na nguzo ya saba. Chini yake, kinasa-kikao, mashine iliyoandika kila kilichosemwa, kilikuwa kinamalizia kuandika sentensi aliyoitamka muda huo huo, ikiwa imegeuzwa vile vile.

Reli ya angani iliyobebwa na nguzo hizo ilikuwa ifunguliwe kesho. Behewa la kwanza lingepakia watu mia mbili.

Nyemo alikibandua kilainishi, akakiweka mezani.

"Ngu-ngu-nguzo," alianza. "U-ufa ulikuwa mi-milimita tatu. Sasa ni nne. Haitabeba."

Wajumbe walitazama vikombe vyao, kama watu waliomwona mwenzao amekuja kikaoni na nguo za kulalia.

"Dada yangu mpendwa," alisema Mhandisi Kibonde kwa sauti ya asali, "endelea taratibu tu. Tutakula futari hapa hapa."

"Mfungo u-ulishaisha, Kibonde. Hata ka-kalenda husomi."

Mmoja alicheka, akajikohoza.

Mwenyekiti Shekalaghe aliinama mbele. Sheria ilikuwa wazi: reli isingefunguliwa bila mhandisi wa miundo kuafiki kwa sauti yake mbele ya kinasa. "Mama Mhandisi, tumekusikia. Kivae dakika moja tu utoe tamko. Sema lolote."

"Lo-lolote?"

"Lolote lile, mama."

Nyemo alimtazama. Akikivaa, angeweza kumtukana mzee huyu mpaka jasho limtoke, na kinasa kingeandika kwamba ameafiki. Wote waliomzunguka walilijua hilo, na walilala usingizi mzuri. Hawa ndio aliokuwa akiwaonea haya kwa miaka tisa. Alijaribu kukumbuka ni kwa sababu gani, asipate hata moja.

Alikisogelea kinasa.

"Sauti hii haimo katika orodha," kilisema. "Taja jina."

Miaka tisa ya vikao, na hakikuwa na hata neno lake moja.

"Ny-Ny..." Jina lilikwama pale pale lilipokwama kwenye usaili. Safari hii hakuomba maji. Alisubiri, na kwa kuwa alisubiri yeye, ikawabidi nao wasubiri. "Nyemo Chi-Chilongola. Mhandisi wa miundo."

"Umeandikishwa. Je, unaafiki reli ifunguliwe?"

"Si-si-siafiki."

Kinasa kililiandika neno kama lilivyotoka, na silabi zake zote.

Mwenyekiti Shekalaghe alipiga meza, mishipa ikamsimama shingoni, akafoka kwa nguvu zake zote. Kinasa kiliandika kwamba mwenyekiti amemshukuru mhandisi kwa mchango wake, na kwamba ufunguzi umeahirishwa.