Matone Matatu ya Kibonge

Kila Jumanne, kipindi cha mwisho, sisi wa darasa la saba tulikwenda kuwasaidia watoto wa chekechea. Mimi, niliyebandikwa jina la Profesa kwa kupenda kujibu maswali, nilipewa somo la mzunguko wa maji. Nilitia maji kwenye beseni, nikasimamisha kikombe katikati, nikafunika kwa nailoni na kuweka kijiwe juu yake, usawa wa kikombe. Nikaliweka beseni uani.

"Hii ni bahari," nikawaambia. "Jua litapandisha maji, nailoni itakuwa wingu, na mvua itanyesha kikombeni."

Siku hiyo jua likagoma. Saa nzima, kikombe kikavu! Watoto wakaanza kufinyana. Nikawatuma nyuma ya darasa wakahesabu mawingu, nami chapuchapu nikajaza kikombe maji ya bomba. Waliporudi walishangilia, nami nikavimba kichwa.

Mwalimu wao akaja mbio kutazama. "Profesa, hongera! Ijumaa kila mtoto ataleta bakuli na kikombe chake, na wazazi nitawaalika."

Jumatano niliacha beseni juani nyumbani kutwa nzima. Niliporudi nikakuta kijiko kimoja tu cha maji. Alhamisi jioni nikamwambia mama tumbo linaniuma.

"Tumbo gani linalomaliza sahani mbili?" akasema. "Kesho shule."

Basi, sikuwa na pa kutokea.

Ijumaa mabakuli ishirini yalipangwa uani, wazazi wamekaa kwenye madawati. Kila nilipopita nilishikwa sketi: "Dada Profesa, mbona vikombe havijai?" Kibonge, tuliyemwita hivyo kwa kuutania wembamba wake, alikuwa amelala kifudifudi mbele ya bakuli lake tangu asubuhi. Alipolifunua alikuta matone matatu tu kikombeni. Akaangua kilio.

"Mimi sijui kutengeneza mvua! Ya dada ilijaa!"

"Utakuwa umelitikisa," mama yake akamkaripia. "Mtundu wewe!"

"Sikutikisa, mama! Wallahi sikutikisa!"

Hapo nikashindwa kuvumilia. "Hajaharibu kitu," nikasema. "Ni mimi. Kile kikombe nilikijaza bombani."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kibonge akafuta makamasi kwa mkono.

"Kwa hiyo yangu ni mvua?"

"Yako ndiyo mvua. Yangu ilikuwa bomba."

Akabeba kikombe chake kumpelekea mama yake, akitembea polepole asimwage. Mama akamkumbatia, akamwomba radhi.

Mwalimu akaniita pembeni. "Ungeniambia jua limegoma, tungesubiri siku nyingine. Umeona? Uongo wako umemliza mtoto kwa kosa ambalo si lake. Usipopata jibu, sema hujapata. Jumanne utafundisha upya."

Jumanne Kibonge alikaa mbele kabisa, miguu ikigusa beseni langu.

"Dada," akaninong'oneza, "leo siendi kuhesabu mawingu."