Makala Iliyonukuliwa Kuliko Zote

Profesa Revocatus Odeta alikutwa asubuhi amelala kifudifudi kwenye sakafu ya maabara yake, jirani na tanuri la kuchomea chuma. Kisogo kilikuwa kimepasuka na damu ilikwisha kuganda. Ukutani, juu yake, palibandikwa bango lenye mistari miwili: mmoja unashuka, mwingine unapanda.

Inspekta Bernadeta Masalu alichuchumaa, akatazama, akasimama. Hakusikia chochote moyoni. Zamani maiti zilimkosesha hamu ya chakula cha mchana. Siku hizi aliulizia tu nani anatunza funguo za mlango.

"Alama za vidole?"

"Hazisomeki, afande, grisi imezivuruga," alijibu Koplo Rose, mtaalamu wa vielelezo. "Lakini silaha tunayo."

Ilikuwa nusu ya bolti nene, ina damu na nywele.

"Ni ya hapa maabara?"

"Hapana. Na tazama ilipokatikia, pana kutu. Ilivunjika siku nyingi. Muuaji alikuja nayo ikiwa kipande hivi hivi."

Bernadeta aliagiza maiti ipelekwe kwa daktari, kisha akamwita Dokta Wilhelmina, naibu mhariri wa jarida la sayansi ya metali ambalo marehemu alikuwa mhariri wake mkuu. Mama huyo alikuja na macho makavu. Akakaa.

"Mistari ile ya ukutani ni ya nini?"

"Unaoshuka ni idadi ya makala tunazochapisha kila mwaka. Unaopanda ni mara ambazo makala zetu zinanukuliwa na wengine."

"Makala zinapungua, nukuu zinaongezeka. Inakuwaje?"

"Inanukuliwa moja tu. Ya Profesa mwenyewe. Ukiitoa hiyo, jarida halipo."

"Inasema nini?"

"Kwamba chuma chakavu kikichomwa na kuzamishwa kwenye mafuta kinatosha kwa kazi nzito. Hakuna haja ya kukirudisha motoni ili kipunguze ukali. Unaokoa umeme."

Bernadeta alimsogezea bolti ndani ya mfuko wa vielelezo. Wilhelmina aliigeuza mara moja tu.

"Imepikwa kwa njia hiyo," alisema. "Ngumu, lakini haina uvumilivu. Imekatika kama kigae."

"Kwa hiyo njia ni mbovu."

"Sijasema hivyo."

"Nani anaitumia?"

"Kuitumia?" Wilhelmina alionekana kushangaa kwa mara ya kwanza. "Sijui. Sisi tunahesabu wanaoinukuu."

Basi Bernadeta akaanza na hao. Waliokuwa Mwanza aliwaita kituoni mmoja mmoja. Wasomi wazima, miwani na tai, wakamkalia mbele kama watoto waliokutwa na sukari mdomoni.

"Umeinukuu makala hii mara nne."

"Ndiyo, afande."

"Umeisoma?"

"Nimesoma muhtasari."

Wa pili hakuusoma hata muhtasari. Aliiona kwa mwenzake, akainakili. Wa tatu alikuwa mkweli zaidi.

"Ukimpelekea Profesa kazi yako bila kuinukuu ya kwake, anakurudishia. Anasema hujafanya utafiti wa kutosha. Ukiiweka, inapita."

"Umewahi kutengeneza chochote kwa njia yake?"

"Afande, ile ni makala tu."

Hakuna hata mmoja aliyekuwa na karakana, wala sababu ya kumuua mtu aliyewapitishia kazi zao. Bernadeta aliwaruhusu waende. Alikuwa amechoka nao, na uchovu huo ndio uliokuwa karibu zaidi na hisia tangu kesi ianze.

Bolti nene kama ile haivunjiki bila kuacha msiba nyuma yake. Akaulizia ajali. Jibu lilitoka ng'ambo ya ziwa: kwenye yadi ya kuundia boti karibu na Kamanga, winchi iliachia boti ikiwa juu. Fundi mmoja alifia chini yake. Aliitwa Ngosha.

Bernadeta na Rose walivuka kwa kivuko, wakapanda hadi nyumbani kwa mjane wake, Selina, upande wa Sengerema. Mlango ulikuwa wazi, umezuiwa na kipande cha chuma. Rose alikiona, akamgusa mkubwa wake kiwiko.

"Shikamoo, mama," alisema Bernadeta.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Pole na msiba. Chuma hiki umekipata wapi?"

"Ndicho kilichomuua baba watoto. Kipande kingine alikichukua Nadim."

"Nadim ni nani?"

"Bosi wake, wa karakana ya Nyakato. Bolti za ile winchi walizitengeneza pamoja. Ngosha alianza kazi kwa baba yake Nadim, huyu akiwa bado anasoma. Nadim ndiye aliyeuleta mwili wa marehemu hapa nyumbani. Kila Jumapili anakuja, anakaa hapo ulipokaa wewe. Haongei. Juzi tu aliongea."

"Alisema nini?"

"Kwamba anakwenda kuonana na yule mwalimu mwenye maandishi, ili ayafute. Asife mwingine."

Rose alitoa ile nusu ya maabara kwenye mfuko wa vielelezo, akaunganisha vipande viwili palepale. Vilikaa pamoja barabara.

Nadim walimkuta Nyakato, karakanani, mashine zote zimezimwa. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Aliitazama bolti mikononi mwa Rose, akavuta viti vitatu.

"Karibuni," alisema. "Nilidhani mngekuja mapema zaidi."

Bernadeta alimpa onyo la kisheria. Akasema ameelewa.

"Uliisoma ile makala?"

"Yote. Picha, majedwali, mpaka mwisho."

"Wewe ni wa kwanza ninayekutana naye aliyeisoma."

Nadim alitikisa kichwa. "Niliona imenukuliwa na watu wengi sana. Nikajua wengi hivyo wameshaijaribu. Ngosha alisita, alitaka turudishe bolti motoni kama zamani. Mimi ndiye niliyemwambia wataalamu wamekubaliana."

"Ulikwenda maabara kumuua?"

"Nilikwenda kumwomba aiondoe. Basi. Nilimwekea bolti mezani, nikamweleza habari za Ngosha. Akaniambia anajua. Hata yeye vipande vinene vilimvunjikia, miaka ya nyuma."

"Ukasemaje?"

"Nikamuuliza, mbona hukusema? Akanigeuzia mgongo, akanionyesha ule mstari ukutani. Akasema, 'Nadim, mwaka huu umepanda tena.' Kwa furaha, afande. Nikachukua bolti nikampiga."

Alisimulia bila kupandisha sauti. Bernadeta naye aliandika bila kuinua kichwa. Nje, lori lilikuwa likishusha vyuma chakavu na mtu akilipigia kelele lirudi nyuma.

"Nina swali moja," alisema Nadim. "Sasa wataiondoa?"

Haikuwa kazi ya polisi, lakini Bernadeta alitoka nje akampigia simu Dokta Wilhelmina, akamweleza yote.

"Kwa utaratibu wetu, makala haiondolewi mpaka mwandishi mwenyewe aombe," alijibu Wilhelmina. "Na mwandishi amefariki."

"Wewe je?"

"Mimi ni naibu tu, mama. Halafu tunaandaa toleo la kumuenzi. Kila anayeandika anainukuu hiyo."

Bernadeta alibaki na simu mkononi. Angeweza kumdanganya Nadim. Alirudi ndani, akamweleza Nadim kama alivyoelezwa.

"Kwa hiyo ni yeye tu aliyekuwa na uwezo wa kuifuta," alisema Nadim.

"Yeye tu."

"Nami ndiye niliyemuua."

Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, Bernadeta alitaka kulia, na machozi hayakuja. Alimwambia Rose amfunge pingu kwa mbele, asimwumize mikono.